Nassari, babu yangu na Prezidaa wa chumba chetu

Najua nimepotea. Kulikuwa na tesiti tatu wiki moja, halafu bumu likachelewa, si mnajua tena mtu akishinda na chai ya rangi hata kuandika hawezi. Sasa bumu limeingia, nimekula ndizi nyama pale nje ya geti, akili imerudi. Leo nina jambo limenikaa kifuani tangu Jumanne.

Jumanne usiku umeme ulikatika. Tukatoka na madesa yetu tukakaa kwenye vimbweta, mwezi unawaka, Mlima Meru unaonekana wote kama umesogea karibu. Jamaa ninayekaa naye chumba, ambaye sisi tunamwita Prezidaa hata kabla hajagombea chochote, akafunga daftari akasema, "Mwanangu, nimeamua. Nachukua fomu ya urais wa serikali ya wanafunzi. Na wewe ndiye meneja wangu wa kampeni."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Wewe unatoka Meru, unajua hii kitu. Nassari alianzaje? Si alikuwa mwanafunzi kama sisi? Hana hela, hana baba waziri, akawa mbunge hajafika hata miaka 30!"

Sikumjibu. Nikasema nina usingizi, nikaenda kulala. Lakini sikulala, nikawa nawaza habari ambayo Prezidaa anajua nusu yake tu. Ngoja niwape nyinyi yote, halafu mtaniambia kama nimkubalie.

Kwa wale wa mikoani ambao Arusha mnaijua kwa kupita tu na basi: ukitoka mjini kwenda Moshi, ukishapita Tengeru, unakuja Usa River. Hilo ndilo jimbo la Arumeru Mashariki. Juu, upande wa mlima, ni migomba, kahawa na baridi. Chini, kule Mbuguni na Makiba, ni jua na vumbi. Katikati kuna mashamba makubwa ya maua na kahawa yenye uzio, na nje ya uzio kuna vijana wasio na hata robo eka. Pale Maji ya Chai mto wenyewe una rangi ya chai kweli, na maji ya ukanda ule yana floraidi nyingi, ndiyo maana mtu wa kwetu akicheka unajua ametoka wapi. Meno ya kahawia siyo uchafu jamani, ni maji! Mtu akitaka ubunge huku akaacha kusema ardhi na maji, basi bora akauze nyanya Tengeru.

Na hii ya ardhi haikuanza jana. Bibi yangu mzaa baba alizaliwa Ngarenanyuki, kaskazini ya mlima. Mwaka 1951 yeye ni mtoto mdogo, serikali ya Mwingereza ikawahamisha watu kama 3,000 kule ili mashamba wapewe walowezi wazungu. Nyumba zikachomwa. Bibi hakumbuki mengi, anakumbuka mama yake alivyorudi mbio kuchukua chungu. Wameru wakachanga hela, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, na mwaka 1952 akasimama Umoja wa Mataifa kuwasemea. Hawakurudishiwa ardhi wakati ule, lakini kila mtoto wa kwetu analijua jina la Kirilo. Kwetu huku hiyo ndiyo maana ya mtu wa kutumwa: mnachanga, anakwenda, anasema mliyomtuma, anarudi kuwaambia amejibiwa nini.

Haya, turudi kwa Nassari.

Joshua Nassari ni mtoto wa kwetu, akasoma mpaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Miaka ile vijana waliotoka vyuoni na kuingia siasa za upinzani walikuwa moto. Zitto Kabwe alishaonyesha njia mwaka 2005 alipochukua Kigoma Kaskazini akiwa na miaka 29. Mwaka 2010 Nassari akagombea Arumeru Mashariki kwa tiketi ya CHADEMA. Akabwagwa. Jeremiah Sumari wa CCM, aliyekuwa pia naibu waziri wa fedha, akaendelea na kiti chake. Hapa ndipo Prezidaa na wenzake wanaporuka wakisimulia. Wanaanzia kwenye ushindi. Lakini ukiwauliza watu wazima kijijini, watakwambia ile kampeni ya kushindwa ndiyo iliyomjulisha. Mtu hawezi kukupa kura leo kama hajawahi kukuona ukishindwa jana ukabaki hapo hapo.

Januari 2012 Mheshimiwa Sumari akafariki dunia. Uchaguzi mdogo ukapangwa Aprili 1. CCM, baada ya kura za maoni zilizorudiwa, ikamsimamisha mtoto wa marehemu, Sioi Sumari. CHADEMA ikamrudisha Nassari.

Mimi nilikuwa darasa la tatu. Nisiwadanganye, nilichokuwa naangalia ni helikopta. Yaani ikisikika tu, darasa lote nje, mwalimu naye nje! Mwezi mzima wa tatu Usa River ilikuwa kama Krismasi. Mzee Mkapa, Rais mstaafu, alikuja mwenyewe kuizindulia CCM kampeni. Mbowe na wabunge wake wamehamia huku, Vincent Nyerere ndiye anaongoza kampeni yao. Vifodi vimepandishwa bendera, watoto tunagombania kofia za kijani asubuhi, jioni tunanyoosha vidole viwili na kupiga kelele "Pipoooz!" wenzetu wanajibu "Pawa!" Hatukuona tatizo lolote. Sisi tulikuwa vyama vyote.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na tatizo.

Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kadi ya TANU, ikawa ya CCM, ameitunza kwenye Biblia. Mdogo wake, tunamwita Babu Mdogo, ni jirani, migomba yao imegusana. Kila Jumapili wakitoka kanisani wanakula pamoja loshoro ya bibi. Babu Mdogo akawa kwenye kampeni ya CCM pale kijijini. Hoja yake ilikuwa moja: familia ya marehemu imefiwa, tuwafute machozi. Babu akasema kiti cha ubunge siyo rambirambi. Akasema huyu kijana anazungumza ardhi, na mimi mke wangu alitolewa Ngarenanyuki kwa moto, sasa mnataka nimpigie nani?

Wakabishana mpaka usiku, nikiwa nimejifanya nimelala. Maneno mengine siwezi kuandika hapa. Babu Mdogo alimwambia kaka yake msaliti. Babu akamwambia atoke kwenye ua wake. Akatoka.

Aprili 1 watu wakapiga kura, na matokeo yakatangazwa kesho yake. Nassari 32,972, Sioi 26,757. Tofauti ya kura 6,215. Usa River ilizimia kwa shangwe. Babu alichinja jogoo, lakini nakumbuka vizuri, alikuwa anaangalia njia ya kwa mdogo wake. Hakuja mtu. Siku chache baadaye, Aprili 5, Mahakama Kuu ikatengua ubunge wa Lema pale Arusha Mjini (alirudishiwa Desemba na Mahakama ya Rufani), kwa hiyo wiki ile ile huku wanacheza, mjini wananuna. Nassari akaenda Dodoma kuapishwa, kijana wa kwetu, koti limemkaa vizuri. Babu akaangalia habari kwenye televisheni ya dukani, akarudi akamwambia bibi, "Tumemtuma."

Jumapili ile loshoro ikaliwa na babu peke yake. Na iliyofuata. Na iliyofuata.

Mwaka 2015 Nassari akashinda tena. Mwaka 2017 yeye na Lema wakapeleka Takukuru video ambazo walisema zinaonyesha madiwani wa chama chao wanavyonunuliwa ili wahame. Babu akasema unaona, tulimtuma mtu. Babu Mdogo alikuwa anapita barabarani, ng'ombe wake mbele, hageuki.

Babu alifariki 2018. Babu Mdogo alikuja msibani. Alichimba kaburi pamoja na vijana, mzee wa miaka sabini na kitu, walimnyang'anya jembe akakataa. Hakusema neno. Miaka sita hawajasalimiana wale, na nyumba zao ukipiga chafya huku unasikia kule.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo Prezidaa haisimulii. Machi 2019 Spika Ndugai akatangaza kiti cha Arumeru Mashariki kiko wazi, kwamba Nassari amekosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa. Katiba ndivyo inavyosema, ibara ya 71. Yeye alipinga mahakamani, haikumsaidia. John Pallangyo wa CCM, yule yule aliyeshindwa naye 2015, akapita bila kupingwa. Mwaka 2020 Nassari akahamia CCM. Na Juni 2021 Rais Samia akamteua kuwa mkuu wa wilaya ya Bunda, kule Mara.

Siku ile habari ya kuhama ilipotoka nilikuwa kidato cha nne, niko nyumbani. Nilimkuta Babu Mdogo amekaa kwenye kigoda nje, redio ndogo iko mapajani imezimwa. Nikasema shikamoo babu. Akaitikia marahaba, akakaa kimya muda mrefu. Mimi nilidhani atafurahi, si chama chake kimeongezeka mtu? Akaniuliza, "Mjukuu wangu, kaka yangu angekuwa hai leo, si tungecheka?"

Nikasema mngecheka babu.

Akasema, "Sasa nacheka na nani?" Halafu akafunika uso na kofia.

Wadau, mimi sijaandika haya kumsema Nassari. Mtu kuhama chama ni haki yake, na sababu zake anazijua yeye. Na nchi yetu yenyewe ilivyo, ubunge ni lazima udhaminiwe na chama, mgombea binafsi hakuna, hata baada ya Mahakama ya Afrika kumpa ushindi Mchungaji Mtikila mwaka 2013. Kwa hiyo kijana akitaka kuwasemea watu ni lazima apande gari la mtu mwingine, na siku gari likimshusha anatafuta jingine. Hilo naelewa. Na naamini bado kwamba 2012 ilikuwa kitu kikubwa. Kijana asiye na jina la baba kwenye siasa alisimama mbele ya Rais mstaafu na mawaziri, akawashinda kwa kura za akina mama wa sokoni Tengeru. Babu hakukosea kufurahi.

Ila wanasiasa walipatana. Kijani na kombati wakakaa meza moja wakanywa chai. Wazee wangu wawili hawakupatana, kwa sababu mmoja alikufa kabla ya wakati wa kucheka.

Na sasa ona. Prezidaa ametangaza nia Jumanne. Jumatano, jamaa wa chumba cha pili, ambaye tangu mwaka wa kwanza wanapika wote jiko moja, naye kasema anachukua fomu. Alhamisi jiko limegawanywa. Mmoja kachukua jiko, mwingine kachukua mtungi! Nawaambia ukweli, nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Jana nimemkuta huyo wa chumba cha pili kwenye foleni ya maji, nikamsalimia, akaniangalia kama mimi ni wa upande ule. Na mimi hata sijakubali umeneja!

Leo asubuhi nimempa Prezidaa jibu. Nimemwambia nitakuwa meneja wake, lakini nina sharti moja, siyo hela wala cheo. Kila jioni mpaka siku ya kura, ugali unapikwa jiko moja, na mwenzake akiwepo. Tukibishana tubishane sahani iko katikati. Akikataa atafute meneja mwingine.

Akaniangalia, akasema, "Wewe unaleta siasa za kizee."

Nikamwambia ndiyo, za wazee wangu.

Hajajibu bado. Lakini sasa hivi naandika hapa nasikia mtu anagonga mlango wa chumba cha pili, na nasikia sauti yake anauliza kama mtungi una gesi. Ngoja nikaangalie. Nikikaa kimya tena wiki mbili, mjue ni kampeni.

Jumamosi naenda nyumbani. Nitapitia kwa Babu Mdogo, nimbebee sukari kilo moja, bumu lipo.