Mtego wa panya na kijana asiyekuwemo

Barua ile ilikuwa fupi: aya mbili na picha moja. Ilitoka katika ofisi moja ya hapa Mji Mkongwe ambako mwanafunzi wetu alikuwa akifanya mafunzo kwa vitendo, ikaletwa mbele ya kamati ya nidhamu ambayo mimi ni mjumbe wake. Ilieleza kwamba kijana huyo amekutwa akiendesha programu ya udukuzi katika kompyuta ya ofisi. Ushahidi wote ulikuwa ile picha ya kioo cha kompyuta: kisanduku chekundu cha programu ya kinga dhidi ya virusi, jina la Nmap, na neno moja zito, tishio.

Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba nilitia saini. Mimi ni mwalimu wa sayansi ya jamii, si fundi wa kompyuta. Niliitazama rangi ile nyekundu nikaiamini. Tulikuwa na ajenda nyingine saba, adhana ya alasiri ilikuwa karibu, na hakuna hata mmoja wetu aliyependekeza kijana aitwe ajieleze. Tukapendekeza asimamishwe masomo hadi uchunguzi ukamilike.

Siku ya tatu mama yake alinijia nyumbani, Mkunazini. Hakupiga kelele. Alikaa barazani, akakataa hata maji, akaniambia: "Maalim, mwanangu kama ameiba, niambieni alichoiba nikirudishe." Nilifungua mdomo kumjibu, nikagundua kwamba sina jibu. Barua haikutaja kilichoibwa, kilichoharibiwa wala kilichofunguliwa. Ilitaja jina la programu tu.

Nikamwita kijana mwenyewe. Alinieleza kwa utulivu uliozidi kuniaibisha. Mtandao wa ofisi ile ulikuwa mzito mno, na msimamizi wake alimtaka kwa mdomo atafute sababu. Ofisi haikuwa na orodha ya vifaa vyake. Basi akatumia Nmap kuuliza mtandao: nani yumo humu, na amefungua milango ipi? "Nilikuwa nahesabu vifaa tu, Maalim," alisema. Barua ilipoandikwa, msimamizi yule alikuwa likizo.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi kuhusu jambo hili, na naomba nikueleze niliyoyaelewa, kwa sababu ubishi wake hauhusu kompyuta peke yake.

Nmap ilitolewa mwaka 1997 na Mmarekani Gordon Lyon, ajulikanaye pia kwa jina la Fyodor. Kila kompyuta iliyounganishwa na mtandao ina milango yenye namba, inayofika 65,535 kwa itifaki moja. Mlango mmoja hupokea kurasa za wavuti, mwingine barua pepe, mwingine kazi za kuchapisha. Nmap hupita ikibisha hodi: huu umefungwa, huu uko wazi, nyuma ya huu kuna huduma fulani. Kwa kawaida haiingii ndani. Hubisha na kuandika. Msimamizi wa mtandao huihitaji ili ajue ni mlango gani umesahauliwa wazi. Mwizi naye huihitaji kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa nini, basi, programu ya kinga huipigia kelele? Mwanzo nilidhani ni ujinga wa mashine. Sivyo, sababu zake ni za busara. Kwanza, programu ya kinga hulinganisha faili na alama zilizokwisha kusajiliwa, kama askari mwenye albamu ya picha. Chombo kilichowahi kukutwa mara nyingi mahali palipovunjwa kitasajiliwa, hata kama waliokitumia kwa wema ni wengi zaidi. Pili, hutazama mwenendo. Kompyuta moja inayobisha hodi kwa mamia ya wenzake ndani ya dakika chache inafanya kile kile kinachofanywa na kirusi kinapotafuta nyumba ya pili ya kuambukiza. Tatu, hupima gharama ya kukosea. Ikinyamaza mbele ya mwizi, ofisi nzima inaangamia. Ikimpigia kelele mtu mwema, fundi ataudhika kidogo kisha ataiamuru imruhusu. Kati ya makosa hayo mawili, waundaji wake wamechagua lililo jepesi.

Wala hofu yao si ya kubuni. Mwezi Juni 2017 programu haribifu iliyoitwa NotPetya ilianzia Ukraine na kusambaa duniani, ikalemaza hata kampuni kubwa ya meli ya Maersk. Mojawapo ya njia zake za kuhama kutoka kompyuta moja hadi nyingine ilikuwa PsExec, chombo halali kinachotolewa na Microsoft yenyewe kwa ajili ya wasimamizi wa mitandao. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mshambuliaji wa leo hapendi kuja na panga lake. Akishaingia hutumia lililomo jikoni.

Hata hivyo, watengenezaji wa programu hizi wanajua kwamba chombo si kirusi. Wengi huweka vyombo vya aina hii katika kundi lake, mbali na virusi halisi. Kampuni ya Kaspersky huanza jina la onyo la namna hiyo kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "si kirusi". Maana yake ni kwamba mashine inatuambia: nimeona kitu chenye uwezo, sijui kiko mkononi mwa nani, tafadhali ulizeni. Nia haiandikwi ndani ya faili. Ruhusa nayo hukaa kwenye barua, kwenye mkataba, na kwenye kauli ya msimamizi aliyekwenda likizo. Mashine haiwezi kuzisoma hizo. Sisi tulikuwa tunaweza, na hatukuzisoma.

Hapa ndipo kosa letu lilipokuwa. Mashine iliuliza swali. Ofisi ikalisoma kuwa ni jibu. Kamati ikaligeuza kuwa hukumu. Kila mkono uliopokea picha ile uliongeza uhakika ambao mkono uliotangulia haukuwa nao. Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo, lakini mtego hauna dhambi. Dhambi ni ya mwenye nyumba asiyeinama kutazama kilichonaswa.

Jina lina nguvu kubwa katika mambo haya. Mwaka 1995, kabla ya Nmap, wataalamu Dan Farmer na Wietse Venema walitoa chombo cha kukagua udhaifu wa mitandao, wakakipa jina la SATAN. Kwa waliokereka na jina hilo, waliweka humo programu ndogo iliyobadili herufi likawa SANTA. Chombo kilibaki kile kile. Na visiwa hivi vinajua gharama ya majina. Wazee wetu walioishi zama za siasa, kuanzia uchaguzi wa 1957, wanakumbuka namna jina la chama lilivyotosha kumfanya mtu asinunue kwa jirani yake wala asimzike maiti wake. Hakuna aliyeuliza jirani amefanya nini. Jina lilitosha.

Ndiyo maana naitazama kwa wasiwasi sheria yetu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, inatumika Bara na Zanzibar pia. Kifungu chake cha 10 kinakataza kumiliki isivyo halali kifaa, ikiwamo programu ya kompyuta, kilichoundwa au kurekebishwa kwa ajili ya kutenda kosa. Kwa msomaji mwenye subira, maneno "kwa ajili ya kutenda kosa" ni kinga ya kutosha kwa fundi. Lakini kwa askari mwenye picha nyekundu mkononi, nani atathibitisha Nmap iliundwa kwa ajili gani? Mkataba wa Budapest wa mwaka 2001 kuhusu uhalifu wa mtandao ulikiona kitendawili hiki. Kifungu chake cha 6 kinaharamisha vyombo vya uhalifu, kisha kinatamka waziwazi kwamba upimaji na ulinzi wa mifumo uliofanywa kwa idhini haumo katika kosa hilo. Sentensi kama hiyo ingemfaa sana kijana wetu.

Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa zao ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo. Chombo hicho ni cha benki zinazounganisha matawi yake, na cha mfanyakazi anayeifikia seva ya ofisi akiwa nyumbani. Ni chombo pia cha raia wengi waliokitumia Oktoba 2020, mitandao ya kijamii ilipozibwa wakati wa uchaguzi. Dola ina haki ya kuuliza, kama programu ya kinga ilivyo na haki ya kupiga kelele. Lakini mwenye chombo akianza kutazamwa kama mshukiwa kabla ya kuulizwa anakifanyia nini, basi tumejenga nchi inayofikiri kama kisanduku chekundu, bila hata unyenyekevu wa kisanduku hicho.

Kamati ilikutana tena baada ya wiki tano. Msimamizi alikuwa amerudi likizo na aliandika kwamba ni kweli alimtuma kijana. Orodha yake ya vifaa ilikuwa ndiyo ya kwanza ambayo ofisi ile imewahi kuwa nayo, na ndani yake mlikuwa na kamera mbili za ulinzi zilizofunguliwa kwa neno la siri la kiwandani. Tulifuta pendekezo letu. Niliomba yaandikwe mambo mawili katika taratibu zetu: kila mwanafunzi anayekwenda mafunzoni abebe barua inayotaja vyombo anavyoruhusiwa kutumia na mtandao anaoruhusiwa kuugusa, na kamati isiamue lolote juu ya mtu kabla ya kumsikiliza. Yote mawili yalikubaliwa. La pili lilipaswa kuwapo tangu zamani.

Wiki tano hizo zilimnyima kijana mitihani ya muhula, naye alihitimu mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Nilikwenda kwa mama yake kuomba radhi. Alinikaribisha chai, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza iwapo ule mwaka nao unarudishwa. Kwa mara ya pili sikuwa na jibu.