Yaya aliyeipiga picha Chicago, picha zikabaki kwenye maboksi

Siku yake ya mapumziko ilipofika, yaya mmoja wa Highland Park hakubaki nyumbani kulala. Alipanda treni kwenda katikati ya jiji la Chicago, nchini Marekani, safari ya takriban kilomita 40 kuelekea kusini kando ya Ziwa Michigan. Alivaa koti pana, kofia na viatu vizito kama vya mwanamume. Kifuani alining'iniza kamera.

Akishuka, alitembea. Mtaa wa State wenye maduka makubwa, Michigan Avenue wanakopita akina mama wa makoti ya manyoya, kisha chini ya reli ya treni inayopita juu ya barabara kwenye nguzo za chuma, ambako jua huchuja mistari ya mwanga na kivuli juu ya vichwa vya watu. Jioni alirudi kazini. Waajiri wake walijua anapenda kamera, lakini picha zenyewe karibu zote hawakuwahi kuonyeshwa.

Jina lake ni Vivian Maier. Alizaliwa New York Februari 1, 1926, mama yake Mfaransa na baba yake mwenye asili ya Austria. Sehemu ya utoto wake aliipitisha kwa ndugu wa mama, katika vijiji vya milima ya Alps nchini Ufaransa. Mwaka 1951 alirejea New York, na mwaka 1956 akahamia eneo la Chicago kulea wavulana watatu wa familia moja. Kazi ya kulea watoto wa watu aliifanya kwa miaka 40 hivi.

Kamera ya kutazama chini

Alianza na kamera ya boksi ya Kodak, ya bei nafuu, isiyo na cha kurekebisha zaidi ya kubonyeza. Mwaka 1952 alinunua Rolleiflex, kamera ya Kijerumani yenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Kwa mtu aliyeishi kwa mshahara wa yaya, hiyo haikuwa pesa ndogo.

Rolleiflex haiwekwi jichoni. Hushikwa usawa wa kifua au tumbo, na mpigaji huinamisha kichwa kutazama kioo kilicho juu yake. Kwenye kioo hicho kulia huonekana kushoto, kwa hiyo mtu anayevuka barabara huonekana akielekea upande usio wake. Inahitaji mazoezi.

Faida yake ni kubwa mtaani. Mlio wake ni mdogo, na anayepigwa picha haoni jicho lililofichwa nyuma ya mashine. Anaona mama aliyeinama kama anayetafuta kitu kwenye mkoba. Tena lenzi inayotazama kutoka tumboni inaiona dunia kwa kimo cha mtoto. Ndiyo maana watu wazima katika picha zake huonekana warefu, huku watoto wakitazamana naye uso kwa uso.

Mkanda mmoja ulitoa picha 12 tu, zote za mraba. Mara nyingi alipiga picha moja ya tukio, akaendelea na safari. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1970, alitumia pia kamera ndogo za mkanda wa milimita 35, zikiwamo Leica, na kupiga picha za rangi.

Alijifunza wapi?

Hakusomea upigaji picha. Lakini alipokuwa mtoto, yeye na mama yake waliishi New York nyumba moja na mwanamke Mfaransa, Jeanne Bertrand, ambaye alikuwa mpiga picha. Ukubwani alikusanya vitabu vya picha na kuhifadhi magazeti kwa malundo, akipenda habari za uhalifu na za watu wa kawaida.

Habari hizo aliendelea kuzifuata mtaani. Macho yake yalikwenda kwa mzee aliyelala kwenye benchi, mwanamke mwenye soksi zilizoshuka, mtoto mwenye machozi na uso mchafu, wachuuzi wa Mtaa wa Maxwell, soko la wazi ambako wahamiaji na Wamarekani weusi waliuza na kununua karibu kila kitu. Na yeye mwenyewe alijipiga picha mara nyingi: kwenye vioo vya maduka, kwenye vioo vya kuuzwa, au kama kivuli chenye kofia kilicholala juu ya majani.

Watoto nao walitembea

Siku za kazi hakuiacha kamera. Aliwachukua watoto wa Highland Park, mji wa watu wenye uwezo, akawapeleka kwenye mitaa ambayo wazazi wao hawakuwa na sababu ya kukanyaga. Wapo waliokumbuka hata kupelekwa machinjioni. Wavulana watatu walimpenda. Walisema maisha pamoja naye yalikuwa kama safari isiyokwisha. Katika nyumba hiyo alikuwa na bafu lake, akaligeuza chumba cha giza cha kusafishia picha.

Si wote waliomkumbuka kwa upendo. Katika filamu ya mwaka 2013 kuhusu maisha yake, baadhi ya waliolelewa naye katika nyumba nyingine walieleza ukali, kulazimishwa kula na hata kupigwa. Waajiri walieleza chumba kilichojaa magazeti hadi ikabaki njia nyembamba, na mlango uliotakiwa kufungwa kwa kufuli. Haitakuwa haki kumpachika jina la ugonjwa. Itoshe kusema kuwa jicho la huruma mtaani halikumfanya kuwa mlezi mwema kila siku.

Maboksi mnadani

Kila alipohama kazi, maboksi yaliongezeka. Uzeeni aliyapangishia stoo, na pesa ya kodi ikamshinda. Mwaka 2007 vitu vyake vikapigwa mnada, naye akiwa hai katika jiji hilohilo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Mmoja wa wanunuzi alikuwa John Maloof, kijana aliyekuwa akitafuta picha za zamani za mtaa wa Portage Park kwa ajili ya kitabu. Alilipa dola 400 hivi kwa boksi lililojaa negativu. Kazi yote ya Maier, iliyokuwa imetawanyika kwa wanunuzi kadhaa, inapita negativu 100,000, pamoja na mamia ya mikanda ambayo hakuwahi kuisafisha. Picha nyingi alizopiga hata yeye mwenyewe hakuziona.

Mwishoni mwa mwaka 2008 aliteleza kwenye barafu mjini Chicago na kugonga kichwa. Kwa mtu wa miaka 82, kuanguka si jambo dogo, na hakupata nafuu. Alihamishiwa nyumba ya kutunzia wazee, akafariki Aprili 21, 2009. Maloof alipolitafuta jina lake mwaka huohuo, alikuta tangazo la kifo lililochapishwa siku chache tu kabla.

Tangazo hilo lilitolewa na wale wavulana watatu wa Highland Park, wakati huo wakiwa watu wazima. Walipomkuta anakaribia kutolewa kwenye nyumba ya kupanga, walimpangishia nyingine nzuri zaidi, Rogers Park, karibu na ziwa. Alipofariki, walitawanya majivu yake katika msitu aliokuwa akiwapeleka utotoni.

Januari 2011, jengo la utamaduni la jiji, Chicago Cultural Center, lilifungua maonyesho ya picha zake. Lipo Michigan Avenue, barabara ileile aliyoipita na Rolleiflex kifuani. Watu walijaa kutazama kile ambacho, kwa miaka yote hiyo, kilikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha yaya.