Mmea Usiotaka Samadi

Kiswahili hakina jina la mmea huu, na sioni kwa nini kingekuwa nalo. Porini unaota kwa asili sehemu moja tu duniani, kwenye ukanda mdogo wa pwani ya North Carolina na South Carolina, Marekani, kuzunguka mji wa Wilmington. Wanasayansi wanauita Dionaea muscipula. Neno la kwanza linatokana na Dione, ambaye katika baadhi ya hadithi za kale ni mama yake Venus. La pili ni Kilatini, maana yake mtego wa panya. Kwa hiyo mmea unaokamata wadudu una jina la mungu wa mapenzi na la mtego wa panya kwa pamoja. Binti yangu anauita mtego. Mama yangu aliuita Mdomo, na nyumbani kwetu jina hilo ndilo lililoshinda.

Tuliununua Septemba, kwenye supamaketi hapa Raleigh, siku tatu baada ya Mama kufika kutoka Upare. Ulikuwa karibu na kaunta ya kulipia, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, bei chini ya dola kumi. Mitego yake haikuzidi ukucha wa kidole gumba. Kibandiko kilisema uwekwe mahali penye mwanga na usikauke. Basi, hayo tu. Mtu akifuata maelezo hayo peke yake, mmea hauchukui muda kufa, naye atabaki akisema mimea hii ni migumu.

Si migumu. Ila haitaki karibu kila kitu tunachokiita matunzo.

Anza na maji. Maji ya bomba yana chumvichumvi na madini, na mizizi ya Mdomo haijazoea vitu hivyo. Vinajikusanya kwenye udongo kidogo kidogo mpaka mmea unachoka. Unataka maji ya mvua, au yale yaliyochujwa mpaka hayana kitu. Udongo nao uwe fukara: mabaki ya majani ya kinamasi yaliyochanganywa na mchanga safi, bila mbolea hata chembe. Chungu kikae ndani ya sahani yenye maji kidogo muda wote, maana kwao ni ardhi chepechepe. Na jua, jua lenyewe, saa sita au zaidi kwa siku. Ule mfuniko wa plastiki unatupwa siku ya kwanza.

Mama alisikiliza yote haya akiwa amesimama jikoni na khanga begani. Amelima miaka hamsini. Amelima maharage, magimbi na tangawizi kwenye miteremko ambayo mimi nikipanda leo napumzika mara tatu. Akaingiza kidole kwenye chungu, akasugua udongo, akanusa.

"Huu si udongo," akasema. "Hauna kitu."

Nikamwambia ndiyo, hauna kitu, ndivyo unavyotaka.

"Mmea usiotaka samadi ni mmea gani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu zuri siku ile. Jibu tulilipata pamoja mwanzoni mwa Novemba, tulipoendesha gari saa mbili na ushee kwenda kuuona kwao. Kusini ya Wilmington kuna hifadhi ya jimbo, Carolina Beach State Park, yenye njia fupi ya kutembea kwa miguu iliyopewa jina la mmea huu. Nilitegemea Mama atachoka. Alitangulia mbele. Ni nchi ya misonobari mirefu na nyasi, mchanga mweupe, maji yaliyotuama karibu na uso wa ardhi. Moto hupita hapo mara kwa mara, na bila moto vichaka vingekua vikaufunika Mdomo kivuli ukafa. Tulihangaika kuuona. Ni mdogo, umelala chini kati ya nyasi, na mtu anaweza kuukanyaga bila kujua. Mama ndiye aliyeuona kwanza. Akachuchumaa, akaukazia macho, kisha akashika mchanga.

"Hapa hata muhogo haukubali," akasema. "Sasa nimeelewa. Kama ardhi haina chakula, utakula nini? Lazima ukamate."

Hapo alikuwa amemaliza somo zima. Mdomo haukosi chakula cha jua, unajipikia wenyewe kama mimea mingine. Unachokosa ardhini ni naitrojeni na fosforasi, na hivyo ndivyo unavyovitoa kwenye mwili wa mdudu. Na wala nzi si chakula chake kikubwa. Porini unakamata zaidi sisimizi na buibui, wale wanaotembea kwa miguu. Ukimpa mbolea ya dukani, unamshibisha kwa mlango ambao hana. Mizizi inaungua.

Mlinzi wa hifadhi alipita akatusalimia na kutukumbusha tusiguse kitu. Wana sababu. Tangu Desemba 2014, kuung'oa mmea huu porini bila ruhusa katika kaunti nne za pwani ya North Carolina ni jinai inayoweza kumpeleka mtu gerezani. Watu huja usiku na mifuko. Wa kwetu haukutoka huko. Ya madukani kwa kawaida huzalishwa kwa wingi maabara na kwenye vitalu. Lakini Mama alishangaa kusikia mtu anafungwa kwa ajili ya jani. Nikamwambia habari ya Arthur Dobbs, gavana wa koloni hili enzi za Waingereza, aliyeandika kuuhusu mmea huu katika barua ya mwaka 1759 kwenda London, na habari ya Charles Darwin, ambaye kitabu chake cha mwaka 1875 kuhusu mimea inayokula wadudu kinautazama kwa mapana. Mama akauliza kama kuna hata mmoja kati yao aliyeuliza watu waliokuwa wakiishi hapo waliuitaje. Nikanyamaza. Nilikuwa nasoma habari za mmea huu wiki nane na swali hilo halikuwa limenijia.

Nyumbani, shida kubwa ilikuwa binti yangu. Ana miaka minane na alitaka kuulisha. Kipande cha nyama ya ng'ombe, punje ya wali, hata jibini. Mdomo haulishwi hivyo. Ndani ya kila mtego kuna vinyweleo vichache, kwa kawaida vitatu kila upande. Kikiguswa kimoja mara moja, hakuna kinachotokea. Huenda ni tone la mvua. Kikiguswa tena, au cha jirani kikiguswa, ndani ya sekunde kama ishirini, mtego unafunga kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Watafiti wa Ujerumani walionyesha mwaka 2016 kwamba unaendelea kuhesabu hata baada ya kufunga. Mdudu akipapatika na kugusa tena na tena, karibu mara tano, ndipo unapoanza kuandaa vimeng'enya vya kumyeyusha. Kama ni kitu kisichopapatika, unafungua baada ya siku moja hivi, mikono mitupu. Na kila mtego unaweza kufanya kazi hiyo mara chache tu kabla haujafa. Kuuchezea kwa kidole ni kuupotezea maisha.

Mama alipofafanuliwa, alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani unasubiri hodi ya pili! Una adabu kuliko wageni wa siku hizi." Tangu siku hiyo, mjukuu wake akisogeza kidole, Bibi alisema kutoka sebuleni, "Hodi bila shida ni usumbufu." Mtoto akaacha.

Sasa niseme kwa nini Mama alikuwa Raleigh. Baba alifariki Mei. Watoto tupo wanne, wawili Dar es Salaam, mmoja Arusha, na mimi huku. Kwenye kundi letu la WhatsApp tulikubaliana kwamba mama wa miaka sabini na mbili haachwi peke yake mlimani. Aanzie kwangu, miezi sita ambayo wageni huruhusiwa, halafu ahamie kwa Kaka Mkubwa, Tabata, moja kwa moja. Shamba likodishwe. Hakuna aliyebisha, hata yeye. Alisema tu, "Nyie ndio mnaojua."

Huku kwangu hakukosa kitu. Chumba chenye joto, chai muda wote, televisheni, blanketi mbili. Hakuruhusiwa kubeba hata mfuko wa takataka. Kufikia Desemba alikuwa analala mchana, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Kazi aliyojipa ni moja, maji ya Mdomo. Aliweka beseni uani kila wingu lilipojikusanya, akayamimina kwenye chupa kwa kitambaa safi, akaandika tarehe kwa peni. Chupa kumi na moja. Mvua ya Raleigh aliijua kuliko mimi.

Desemba hiyohiyo majani ya Mdomo yakaanza kuwa meusi. Mmea huu una usingizi wake, miezi mitatu au minne ya baridi, na ukiuhurumia ukauweka ndani karibu na hita, utaendelea kuhangaika kukua mpaka nguvu ziishe. Kwa hiyo nikauacha barazani, nje. Usiku barafu ilikuwa inakamata vioo vya gari. Mume wangu alisema umekufa, tuutupe. Binti yangu akalia. Mimi nilisema umelala, maana nilisoma hivyo, ila nikiutazama ule uozo mweusi hata mimi sikuona tofauti.

Mama akavaa koti langu akatoka barazani. Akachimbua kwa kidole pembeni ya chungu, taratibu, kama anavyotafuta viazi bila kuung'oa mmea. Chini ya majani meusi kulikuwa na tunguu dogo, jeupe, gumu.

"Tangawizi," akasema. "Juu inakauka kabisa, mgeni akipita anasema shamba limekufa. Chini ndiko iliko. Funikeni, mwacheni."

Akamwita mjukuu wake akamwonyesha. Kisha akasema, akiwa bado amechuchumaa na bila kunitazama, kwamba tangawizi yake ya mwaka ule iko ardhini bado, ameiacha kwa jirani, na jirani mwenyewe si mtu wa kujali.

Januari Kaka alipiga simu kupanga tiketi ya Dar. Nikamwambia mimi nachagua Upare. Nikataja masharti: kijana wa kusaidia kazi nzito, sehemu ya shamba ipunguzwe, simu kila jioni bila kukosa. Kaka akasema, "Ikitokea lolote usiku wa manane, wewe uko Marekani. Mimi ndiye nitakayeendesha gari usiku kucha." Ni kweli. Hilo sina jibu lake, na tangu siku ile mazungumzo yetu yamekuwa ya salamu na pesa. Dada zangu wakaja upande wangu, mmoja kwa moyo mweupe, mwingine kwa kuchoka.

Nilimweleza Mama kwamba mmea ule ndio uliokuwa unanifikirisha, jinsi chakula na joto vinavyoweza kuwa sumu. Akanitazama kwa muda.

"Mimi ukiniweka nje usiku wa barafu nakufa," akasema. "Usinifananishe na kitu kinachokula nzi. Mimi nataka nyumbani kwangu, basi. Hilo halihitaji mmea."

Aliondoka katikati ya Februari. Mdomo ulikuwa bado mweusi.

Machi, jua lilipoanza kupata nguvu, katikati ya uozo kikatokea kitu cha kijani kilichojikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Siku kumi baadaye kikawa mtego mdogo wenye meno, kisha wa pili, kisha wa tano. Ukiona bua refu linapanda kutoka katikati, hilo ni ua. Linanyooka juu sana, mbali na mitego. Mmea mdogo likiuchosha, likate mapema. Sisi tulilikata. Binti yangu alipiga picha ya mitego akamtumia Bibi.

Upare ikifika saa mbili usiku, huku ni saa saba mchana. Huo ndio muda wake wa kutuma sauti. Siku ile ilichelewa kwa dakika arobaini, na dakika zote hizo nilikaa kwenye gari nje ya kazini na simu mkononi, nikimsikia Kaka kichwani. Kisha ikaingia. Nyuma yake mvua ilikuwa inapiga bati, ilibidi apaze sauti. Tangawizi imetoka nzuri, bei mbovu. Kijana anakula sana. Picha ameiona.

"Zile chupa mmebakiza ngapi?" akauliza. "Maana za Novemba nilizijaza mimi, zianze hizo."