Kuvua Rangi bila Kuijeruhi Bodi



Juma hili napenda tutafakari juu ya kazi ndogo ya mikono, ambayo huenda wengine wakaiona kuwa ni mchezo wa watoto: kuondoa rangi ya zamani kwenye bodi za magari ya modeli ya plastiki. Nimekuwa nikiifanya kazi hii jioni kwa miaka kadhaa, na kila mara inanifundisha kwamba kuondoa ni kugumu kuliko kuongeza. Kupaka rangi kwaweza kuchukua dakika chache. Kuirudisha bodi katika hali yake ya kwanza kwahitaji maarifa, uangalifu na saa nyingi za kungoja.

Kwa wasioyafahamu, haya ni magari madogo yanayouzwa vipande vipande ndani ya boksi, nawe huyaunganisha kwa gundi na kuyapaka rangi mwenyewe. Kampuni ya AMT ya Marekani ilianza kuuza seti zake za kipimo cha 1/25 mwaka 1958. Majina kama Revell, Airfix ya Uingereza, na Tamiya na Hasegawa za Japani yanafahamika kwa wapenzi wa kazi hii popote walipo. Msomaji wa Afrika Mashariki atafurahi kusikia kwamba yamo hata magari yaliyotimua vumbi la kwetu. Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, imetengenezewa modeli ya kipimo cha 1/24. Gari lenyewe lina urefu wa mita 4 na kidogo. Modeli yake ni sentimita 17 hivi.

Kwa nini mtu aivue rangi? Mara nyingi ni kwa sababu rangi ya kwanza ilipakwa nene. Kwenye gari dogo namna hii, mistari ya milango ni mifereji myembamba mno, na nembo ya boneti ni kivimbe kisichozidi punje ya mtama. Tabaka mbili nzito zikilala juu yake, vyote hutoweka. Ukikwangua kwa msasa, utaondoa rangi pamoja na nembo yenyewe. Isitoshe, baadhi ya rangi za zamani, hasa za njano na nyekundu, zilitengenezwa kwa madini ya risasi, na vumbi lake si la kuvutwa puani. Hivyo njia bora ni ya majimaji: kuiloweka bodi katika kitu kitakachoilegeza rangi na kuiacha plastiki salama.

Hapa ndipo penye hatari. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na wengi huanzia hapo: rangi iliyochanganywa kwa thina, basi na iondolewe kwa thina. Bodi nyingi zimeangamia kwa hoja hiyo. Sehemu kubwa ya modeli hizi imetengenezwa kwa plastiki iitwayo polistairini. Kwenye fremu inayoshika vipande mara nyingi utaona herufi PS. Gundi ya modeli haishiki kama gundi ya karatasi. Yenyewe huyeyusha kingo mbili za plastiki mpaka zikawa kitu kimoja. Sasa fikiri: thina ya wapaka rangi za magari, asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, na petroli, vyote vina uwezo wa namna hiyo. Ukiitumbukiza bodi humo, rangi itatoka kweli, lakini paa litalegea, nguzo za kioo cha mbele zitapinda, na kilichobaki hakitakuwa tena gari.

Swali la kwanza, basi, si "rangi hii inaondolewa na nini?" Swali la kwanza ni "bodi hii imeumbwa kwa nini, na inaweza kuvumilia nini?" Ukiisha kulijibu hilo, njia zilizo salama si nyingi, nami nitazitaja kuanzia iliyo pole.

Ya kwanza ni spiriti ya aisopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi. Huiondoa vizuri rangi ya akriliki, na mara nyingi hata laka ya kupuliza, ingawa kwa kusuasua. Nusu saa yaweza kutosha. Pengine usiku mzima. Toa kwanza vioo, kwa maana plastiki angavu inaweza kupata ukungu au nyufa ndogo ndogo. Ukumbuke pia kwamba spiriti hushika moto upesi na mvuke wake hutambaa chini. Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na jiko, mshumaa na sigara.

Ya pili ni mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 au DOT 4. Fundi yeyote wa gereji atakueleza jinsi yanavyoinua rangi ya gari la kweli yakimwagika juu ya boneti. Kazi hiyo hiyo huifanya kwenye modeli, hata kwa enameli iliyokomaa kwa miaka mingi, na kwa kawaida polistairini huyahimili. DOT 5 haifai, kwa kuwa imetengenezwa kwa silikoni na haili rangi. Wapo wanaosema kwamba bodi ikikaa humo siku nyingi plastiki yake huwa dhaifu. Ni busara kuikagua kila baada ya saa chache kuliko kuisahau.

Ya tatu ni kostiki soda, ile wanayoitumia watengenezaji wa sabuni, ambayo ndiyo nguvu iliyomo katika dawa nyingi za kusafishia majiko. Haiigusi polistairini, lakini huunguza ngozi, na jichoni yaweza kumpofusha mtu. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho. Tia soda ndani ya maji baridi kidogo kidogo. Usimimine maji juu ya soda. Usitumie sufuria ya alumini, kwa kuwa soda huila na kutoa gesi inayowaka. Vipande vilivyong'arishwa kama fedha, kama vile bampa, viweke kando, maana ule mng'ao ni utando mwembamba sana wa alumini, nao utayeyuka mbele ya macho yako. Na dawa yenye klorini, ile wengi wanayoiita jiki, isichanganywe kamwe na dawa nyingine yoyote kati ya hizi.

Njia yoyote utakayochagua, jaribu kwanza upande wa ndani wa paa, mahali pasipoonekana, kwa pamba iliyoloweshwa. Ngoja nusu saa. Ikiwa plastiki haikulainika wala kunata, endelea. Rangi ikilegea, isugue kwa mswaki wa nyuzi laini, na kwenye mifereji tumia kijiti cha meno cha mbao, si ncha ya kisu. Suuza kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Maji yanayochemka huipinda bodi. Kisha iache ikauke siku nzima kabla ya kupaka tena.

Miezi michache iliyopita kijana mmoja na dada yake waliniletea Datsun 240Z ya namna hiyo niliyoitaja. Ilikuwa ya marehemu baba yao. Aliiunganisha mwenyewe na kuipaka enameli kwa brashi, nyekundu mwilini na nyeusi kwenye boneti, kama lile gari la mwaka 1971. Rangi ilikuwa nene, imetiririka chini ya milango na kuanza kupasuka. Kijana alitaka ivuliwe na ipakwe upya, ili gari liwe kama baba alivyokusudia liwe. Dada yake alikuwa kimya kwa muda, kisha akasema, "Padri, mkiivua hiyo rangi mnamvua baba. Bodi ilitoka kiwandani. Mkono wake uko kwenye rangi."

Katika masomo ya falsafa tulifundishwa kutofautisha kiini cha kitu na sifa zake zinazoweza kubadilika. Kwa kipimo hicho gari ni bodi, na rangi ni sifa tu. Ikienda, gari limebaki. Lakini binti yule alikuwa na hoja ambayo vitabu vyangu havikuiandalia jibu. Mbele ya macho yake kiini na sifa vilikuwa vimebadilishana nafasi. Bodi kama ile zilitengenezwa nyingi. Ile michirizi ya rangi iliyotiririka chini ya mlango ilikuwa moja tu duniani.

Sikuwaharakisha. Niliwaeleza kwamba rangi ikishavuliwa hairudi, na kwamba gari lingeweza kukaa kabatini mwaka mwingine bila kudhurika. Tulilipiga picha kila upande. Walizungumza wenyewe kwa wenyewe, wakarudi baada ya majuma mawili. Walikuwa wamekubaliana kwamba bodi ivuliwe, ila chesisi na dashibodi, ambazo hujitenga na bodi, zibaki vilevile. Binti akasema, "Basi, huko chini abaki baba."

Spiriti haikuigusa enameli ile. Tukaiweka bodi katika chombo chenye mfuniko, ndani ya mafuta ya breki ya DOT 4. Kesho yake rangi ilikuwa imejikunja kama utando wa juu ya maziwa yaliyochemka. Ilihitajika siku ya pili, na vijiti vya meno visivyo na idadi, kabla mistari ya milango haijajitokeza. Kijana alipoiona nembo ya boneti akaicheka kwa furaha. Dada yake aliishika bodi ile tupu kwa muda mrefu, asiseme neno.

Bado kuna jambo moja, nalo ni zito kuliko yote niliyoandika. Majimaji haya yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Sote tunajua habari za watoto waliokunywa mafuta ya taa kwa sababu yalitiwa katika chupa waliyoizoea. Mafuta ya breki na maji ya kostiki ni hatari kadiri hiyo na zaidi. Yakae katika chombo chake, kilichoandikwa jina, mahali pa juu palipofungwa kwa ufunguo. Mafuta yaliyotumika yasimwagwe mtaroni wala shambani; yapelekwe gereji inayokusanya oili chafu. Hakuna modeli yenye thamani ya jicho la mtoto.

Na kama rangi ya zamani ni nyembamba na imeshika sawasawa, acha kuivua. Iparuze kidogo kwa msasa laini uliolowa, uioshe, upake juu yake. Vilevile, kama huijui plastiki iliyo mkononi mwako, au kama katika nyumba yupo mtu ambaye rangi ile ina maana kwake, usianze leo. Chombo kinaweza kukaa kimefunikwa, na bodi inaweza kungoja. Kati ya makosa yote ya kazi hii, kuchelewa ndilo pekee linaloweza kusahihishwa.

Nawatakieni juma jema.