Tulipokuwa wa Mwisho Katika Njia ya Butiama

Sisi tuandikao habari hii ni mwalimu mmoja tu, mwenye miaka 63, aliyestaafu kazi akakaa Musoma. Zamani, tulipokuwa tukifundisha upande wa Bunda, baiskeli ndiyo iliyokuwa miguu yetu. Tulikuwa na Phoenix nyeusi, na juu ya keria yake tulipakia vitabu, mihogo, hata mama watoto na mtoto mgongoni. Kisha tukapata pikipiki, na ile baiskeli ikakaa ghalani miaka 25 ikiliwa na kutu. Hata siku moja daktari akatupima damu, akaona sukari imezidi, akatuonya tuutumikishe mwili.

Hapa Musoma wako vijana wenye chama cha kupanda baiskeli, waendao safari kila Jumamosi alfajiri. Tukawaendea, tukaomba watupokee. Wakajibu, "Shikamoo, Mwalimu. Karibu."

Tulidhani ya kuwa aliyejua kupanda hasahau. Neno hili ni kweli nusu. Mwili haukusahau kukaa juu ya magurudumu mawili, lakini mapafu na magoti yalikuwa yamesahau yote. Ikatupasa kufundishwa kama watoto: kiti kiinuliwe hata mguu ukaribie kunyooka pedali iwapo chini, gia nyepesi itiwe kabla ya kuanza mlima, si katikati yake, maji yanywewe kabla ya kiu, na upepo ukiwa mkali, mtu ajifiche nyuma ya mwenzake, maana aliye mbele huukata upepo, na wa nyuma hupumzika.

Tena chama kina desturi moja. Mmoja hutangulia, na mwingine hukaa nyuma ya wote, mwenye pampu na viraka, wala hampiti mtu yeyote. Kijana wa nyuma tulimtambua mara moja. Tulimfundisha hesabu huko Bunda, darasa la nne, naye alikuwa mzito. Siku moja tulimsimamisha mbele ya wenzake, tukamwambia, "Wenzako wamefika, wewe ungali njiani." Darasa zima likacheka, nasi tukacheka pamoja nao.

Tulijizoeza miezi tisa. Ikafika Oktoba, mwezi ambao watu humkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999 akazikwa kwao Butiama. Wako hata wanaotoka Dar es Salaam kwa baiskeli katika msafara uitwao Twende Butiama. Vijana wetu nao wakaazimu kwenda kulizuru kaburi. Tukakumbuka ya kuwa Mwalimu alikuwa mtoto wa miaka 12 alipotoka Butiama, mwaka 1934, kuja kuanza shule ya Mwisenge hapa Musoma. Nasi tukaona haya kuiogopa njia hiyo.

Hata Makutano tulikwenda vema. Lakini tulipogeuka kuelekea Butiama nchi ilizidi kupanda, na nguvu zikatuishia. Tukashuka, tukaisukuma baiskeli. Akina mama waliobeba ndoo walitupita wakisema, "Pole, mzee." Wenzetu walikuwa wamekwisha kufika juu, wakitungoja chini ya mti. Yule kijana aliweza kuupanda mlima ule bila taabu. Walakini alishuka naye, akasukuma yake kando yetu, asiseme neno.

Hapo moyo ukatuchoma. Tukamwuliza, "Mwanangu, wakumbuka neno tulilokuambia darasani?"

Akajibu, "Nakumbuka, Mwalimu. Ilikuwa siku ya Ijumaa."

Tukasimama njiani, tukamwomba radhi. Akasema, "Yamekwisha, Mwalimu. Twende." Lakini sisi twajua hayakwisha, kwa maana mtu aliyesahau neno hakumbuki siku yake.

Tukafika Butiama, tukasimama kimya penye kaburi, tukala, tukapumzika. Wakati wa kurudi, jua lilipokwisha kupinduka, upepo wa ziwani ukatupiga usoni, kama ilivyo kawaida ya nchi yetu saa za mchana. Yule kijana akamwachia mwenzake pampu na zamu ya nyuma, akaja mbele yetu atukinge upepo, nasi tukayatazama magurudumu yake mpaka Musoma.

Daktari asema sukari imepungua, nasi twashukuru. Lakini faida iliyo kubwa ni nyingine. Miaka 30 na zaidi tulisimama mbele ya watoto, wala hatukujua jinsi aliye wa mwisho anavyousikia mgongo wake ukitazamwa. Walimu wenzetu mlio kazini bado, katika kila darasa yuko aliye njiani. Shukeni, msukume pamoja naye. Sisi tulijifunza neno hili tukiwa wazee, na yule tuliyemkosea ndiye aliyetufundisha.