Spika Zimenuna? Usiwahi Dukani!

Jamani, hapa Igoma spika za kompyuta si za kustarehe tu, wengine zinawalisha. Jirani yangu anauza muziki kibandani kando ya Barabara ya Musoma. Spika zake mbili za nyuma zikakata sauti ghafla. Fundi mmoja akamwambia, "Dada, hizo zimekufa, nunua seti mpya." Mtaji wote uende huko?

Nikamwambia, "Dada, subiri kwanza tupime." Pini ya kijani ni ya spika za mbele, nyeusi za nyuma, ya chungwa ni ya kati na sabufa. Ile nyeusi tukaichomeka kwenye simu. Zikalia! Basi ugonjwa uko kwenye kompyuta: ilipangwa kutoa sauti ya spika mbili tu. Tukaweka 5.1, kibanda kikachangamka.

Zingekaa kimya, ningehamisha spika ya kulia kushoto. Ukimya ukihama nayo, spika ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, shuku waya au amplifaya. Sabufa ikivuma muda wote, huenda kapasita imevimba. Hapo mwone fundi, maana kapasita huweza kubaki na umeme hata ukichomoa plagi.

Kwa hiyo, washkaji, pima kwanza, pochi baadaye!