Aliyevuliwa Nguo Haulizwi

Likizo iliyopita nilikuwa Tabora, nyumbani kwa wakwe zangu. Usiku tuliketi sebuleni kutazama tamthilia. Waigizaji wawili walipoanza kufunguana vifungo, mama mkwe alikumbuka ghafla kwamba kuku hawajafungiwa, nami nikaikumbuka simu yangu. Rimoti ilikuwa mezani, lakini hakuna aliyethubutu kuigusa, kwa maana kuigusa ni kukiri kwamba umeona.

Mjadala wetu kuhusu uchi katika filamu ni mjadala wa macho ya mtazamaji: watoto wataona nini, wakwe watakaaje, taifa litaonekanaje. Kwa hoja hiyohiyo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, dhidi ya sketi fupi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 nayo inadai kibali na ukaguzi. Sina ugomvi na ukaguzi. Nauliza tu kuhusu yule aliyevuliwa nguo.

Binti mmoja niliyemfundisha, mzaliwa wa hukohuko Tabora, alipanda treni kwenda Dar es Salaam kuigiza. Alisoma muswada, akaukubali. Siku ya kupiga picha, mwongozaji alimwambia kuna tukio la kitandani limeongezwa, na kwamba wanaoitaka nafasi yake ni wengi. Mkataba haukuwapo, palikuwa na ahadi ya nauli. Kipande cha dakika moja kilizunguka kwenye simu za watu hadi kikamfikia baba yake. Mwanamume aliyekuwa naye katika tukio lile hakuulizwa na yeyote. Nasikia amepata kazi nyingine mbili. Binti hajakanyaga Tabora tangu wakati ule. Alinipigia simu: “Shikamoo mwalimu. Nilikosea wapi?” Nilimpa nasaha za kawaida kuhusu subira, na zinanisuta mpaka leo.

Hayakuanzia kwetu. Maria Schneider alikuwa na miaka 19 alipoigiza katika Last Tango in Paris, filamu ya mwaka 1972. Mwaka 2007 alieleza kwamba alidhalilishwa katika tukio la ubakaji la filamu ile, na kwamba machozi yake yalikuwa ya kweli. Mwaka 2013 mwongozaji, Bernardo Bertolucci, alikiri kwamba alimficha makusudi sehemu ya tukio hilo, ili anase hisia za msichana na si za mwigizaji. Ilichukua miaka mingi sana watu kujifunza. Mwaka 2018 kituo cha HBO cha Marekani kilianza kuajiri waratibu wa matukio ya faragha, ambao kazi yao ni kukubaliana na mwigizaji mapema: kipi kitaonekana, mkono utagusa wapi, nani atabaki chumbani.

Tutaambiwa hayo ni mambo ya Wazungu. Kabla ya kuondoka nilipita Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone. Njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita maeneo haya. Wapagazi wa Kinyamwezi walipeleka pembe pwani, wakarudi na merikani, yaani nguo zenyewe. Vitabu vya shule huwasimulia kama watu wa kuonewa tu, nami nilisomeshwa hivyo. Kumbe wengi wao walikuwa wafanyakazi wa ujira. Walijadiliana malipo na posho kabla ya safari, walijua kipimo cha mzigo, na mwenye msafara alipovunja makubaliano waliweza kuitua mizigo chini na kugoma, au kutoroka usiku.

Nimemtumia binti yule mkataba wa kurasa mbili niliouandaa na rafiki yangu mwanasheria: tukio lisilokuwamo katika muswada halipigwi picha bila sahihi mpya ya mwigizaji. Amejibu kwamba ameusoma wote. Ameniuliza ni mwongozaji gani atakayekubali kuutia sahihi.